Nilivyokifungua Kitabu cha Kompyuta, Timbwani

Jumanne, 5 Oktoba 1999

Umri wangu miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili. Nimezika mwanangu Faki, aliyekuwa ndani ya kivuko cha Mtongwe siku kilipozama. Tulitoka pamoja, mimi nilirudi nyumbani kufuata kofia. Fujo ya mwaka wa tisini na saba imenipita, mvua ya El Nino imenipita, na daktari aliyenikataza chumvi yuko kaburini. Chumvi ningali naila.

Kusoma nilijifunza gumbaru, mvi zishatoka. Si haba. Saa ya ukutani ya msikiti ni mimi niiwekaye, huu mwaka wa ishirini. Saa yetu hasa, ya kuhesabu tangu jua kuchomoza. Si hiyo ya kizungu, asubuhi bichi wasema saa kumi.

Leo chumba cha kusomea, ambacho mimi ndiye bawabu wake, kimeletewa sahani ya kompyuta, ile CD. Ndani yake mna kitabu kizima cha bayolojia. Nyevu, binti wa Kilifi anayetunza chumba, ameeleza kwamba kitabu ni cha kuazima, siku arubaini tu, na kina ulinzi. Hakinakiliwi wala hakichapwi.

Mwanatatu, binti wa marehemu Faki, yuwakihitaji kuliko chakula. Mtihani wa bayolojia ni tarehe ishirini na tano. Shuleni kwao wanakaa wasichana kumi kwa kitabu kimoja, na kurasa za figo zimechanwa. Asipopata alama za kuingia chuo cha wauguzi, shangazi yake Kulthum keshamtafutia mume: mwenye duka la saruji Bamburi, mtu wa rika langu karibu. Mwanatatu amesema afadhali aolewe na saruji yenyewe.

Kitabu kimekataa kufunguka. Kioo cheupe tu.

Jumatano, 6 Oktoba

Amekuja Ishaka. Karani mstaafu wa bandarini. Amepiga taipureta maisha yake yote, sasa yuwaona kompyuta ni mtoto wa taipureta. Alisema kosa liko kwenye brauza, ile programu ya kufungulia kurasa. Ulinzi wake haukuwekwa sawa, ndiyo maana inakifukuza kitabu kama mwizi.

Nikasogea nione. Akaniambia mzee Mohdhar rudi mlangoni kwako, hii si saa ya msikiti. Mbele ya watu. Mbele ya Bakari muuza kahawa, aliyecheka hata akamwaga kikombe.

Nikabaki nyuma yake, macho kazini. Alibonyeza mpaka adhuhuri. Kioo cheupe. Kesho yuwaja tena, asema.

Alhamisi, 7 Oktoba

Kesho yake nimeiwahi. Ufunguo ni wangu. Saa moja asubuhi niko ndani.

Kizungu sikijui, lakini njia nimeishika kwa macho, kama tulivyozishika sura za Kurani chuoni kabla ya kujua maana. Pale juu neno la pili kutoka mwisho. Chini yake mstari wa mwisho. Kisha kijumba chenye kijiti cha kupanda na kushuka, ndicho kipimo cha ulinzi. Ishaka alikipandisha. Ishaka kila kitu hupandisha, hata mabega. Mimi nikakishusha katikati.

Kikafunguka, wallahi. Figo likatokea, jekundu kama ini la mbuzi.

Mwanatatu alikuwa amekaa kizingitini na daftari tangu alfajiri. Akaingia, akasoma, akachora. Akaniletea maji bila kutumwa. Akasema babu, siku ukiugua figo, ni mimi nitakayekuuguza. Sijaombewa jambo zuri kama hilo tangu nizaliwe.

Saa nne alitoka kununua mahamri. Nikabaki na mashine. Ndipo nilipoiona aibu pale pembeni mwa kioo: imeandika kumi na dakika tano. Saa kumi, na umande haujakauka. Kitu cha elimu, kimekaa na uongo usoni. Nikaigonga mara mbili, ikatoka saa ya mviringo, na mikono yake. Hiyo naijua kama ndugu yangu. Nikaiweka saa nne na dakika tano.

Mwanatatu aliporudi akafungua ukurasa. Kioo kikaandika maneno mekundu. Akayasoma, kisha akayasoma tena. Kitabu kimejifunga na hakitafunguka. Alikaa pale na hamri mkononi, halikuliwa.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nyevu amepiga simu kwa waliokileta. Akatueleza sote. Kitabu hiki huzihesabu siku zake za kuazimwa kwa saa ya kompyuta. Saa ikirudishwa nyuma, chaona mtu yuwaiba siku, na chajifunga moja kwa moja. Na saa imekutwa nyuma kwa saa sita kamili.

Ishaka akasema mwizi aibaye kwa saa ya Kiswahili ni mmoja tu Timbwani nzima. Nikamwambia aache hasadi, kitabu nilikifungua mimi.

Nyevu akaniuliza kwa adabu, baba, wewe ndiwe uliyeirudisha nyuma? Nikaapa sikuirudisha. Na sikuirudisha. Kurudisha ni kurudisha. Mimi nilirekebisha.

Mwanatatu aliitazama saa ya mkononi mwangu, akatoka.

Jumatatu, 18 Oktoba

Kulthum amekuja na doti ya leso kutoka kwa yule wa saruji. Ameiweka juu ya kitanda cha Mwanatatu. Mwanatatu ameihamisha sakafuni. Mimi na yeye hatusemezani siku hizi. Chakula aniletea, akiweka, apita.

Nyevu ameomba sahani nyingine. Wamekubali, wakisema ni ya mwisho.

Ijumaa, 22 Oktoba

Imefika. Nyevu aliifungua mwenyewe, kijiti katikati kama nilivyogundua mimi. Hilo hakulitaja. Pembe ya kioo yenye saa ameibandika plasta, ya kufungia vidonda. Akaniapisha tena nisiirudishe saa nyuma. Nikaapa na moyo mweupe.

Mwanatatu alisoma mchana kutwa. Moyo kamaliza, mapafu kamaliza. Figo na uzazi kaviacha vya Jumapili, maana kesho chumba kina mkutano wa wazee. Uzazi ndio autakao hasa. Mamake alikufa akijifungua, mkunga yuko mbali.

Jumapili, 24 Oktoba

Nyevu amekwenda Kilifi mazikoni. Ufunguo ameniachia, hana mwingine. Mwanatatu yuwafua, atakuja saa nne.

Nimekaa na mashine tangu saa mbili, nikifikiri. Mara ya kwanza kosa langu lilikuwa moja: nilichelewa. Kitabu kilikuwa kishaanza na saa ya uongo, ukweli ukakikuta katikati ya safari, kikashtuka. Ishaka na elimu yake hakuliona hilo. Dawa ni kuiweka saa sawa mapema, kabla msomaji hajakaa.

Bakari ameleta kahawa. Nikambandulia plasta, aone. Mashine haina kidonda. Imeandika tisa na dakika ishirini. Bakari akasema mzee, si uliapa wewe. Nikamwambia niliapa kutorudisha, na mimi sirudishi, naweka sawa. Akasema yeye hayumo. Lakini hakuondoka.

Nimeiweka. Saa tatu na dakika ishirini, barabara. Plasta nimeibandika mahali pake, hata kona hazikukunjika. Nyevu hatajua ni nani wa kumshukuru, na mimi sitadai.

Kesho mtihani. Kulthum aje achukue leso zake.

Atakayenibishia na amuulize Bakari muuza kahawa, alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Au aende msikitini, aitazame saa ya ukutani, alinganishe. Wa tatu ni Mwanatatu mwenyewe. Namuona pale kwenye kona, yuwaja mbio na daftari, mikono ingali na povu.