Matuta ya Gaspar

Jumatatu, 6 Desemba 1976

Mvua imeshuka, Ilembo nzima inalima, mwanangu Gaspar anachana nywele! Darasa la saba kamaliza mwaka juzi, mpaka leo anasubiri kazi ya kukaa kwenye kiti. Anasema jembe ni la wasiosoma. Mimi wa kisomo cha watu wazima nimelima naye mgongoni!

Leo mzee Kalisti, baba yake Dafrosa, kampimia kipande nyuma ya nyumba. Matuta ishirini. Ndiyo desturi: anayetaka binti alime kwanza, wakwe waone mkono wake. Gaspar akaninong'oneza kuwa anaoa, haajiriwi. Huyu asipooa atapanda treni aende Tabora, huko nani atampa uji?

Jumatano, 8 Desemba

Matuta mawili. Siku tatu! Kanionyesha lengelenge moja kama mtu aliyetoka vitani. Nimempaka mafuta ya nyonyo. Maskini mwanangu. Mvivu mkubwa.

Ila nimepata akili. Kesho Uhuru, watu wote uwanjani.

Alhamisi, 9 Desemba

Nikajitia naumwa kichwa. Ngoma kuanza tu, mimi na jembe langu hao! Kumi na nane nimeyamaliza. Mgongo sina tena.

Raizoni za Gaspar, viatu vyake vya soli nene, nilizificha asubuhi, kaenda na kandambili, kanuna. Nikazivaa, nikakanyaga shamba zima ili waone nyayo za mwanaume. Nimeanguka mara mbili. Wanatembeaje na magorofa haya?

Jioni nikamwambia Gaspar nimemaliza. Akasema asante mama, akauliza mboga ni nini.

Jumamosi, 11 Desemba

Mzee Kalisti kasifu! Eti hajaona kijana wa siku hizi mwenye matuta yaliyonyooka namna hii. Nikamwambia analima alfajiri, jogoo bado kalala, ndivyo nilivyomlea. Mama Dafrosa akainama. Akaangalia nyayo, akaangalia kiuno changu, maana nilikuwa nimepinda kama mundu. Mwanamke ana macho yule!

Alhamisi, 16 Desemba

Balaa! Nimeitwa kwa mzee Kalisti pamoja na mwanangu. Kila mwisho wa tuta limechipua boga. Mkono wangu huu! Tangu usichana silimi tuta bila kufukia mbegu za boga mwishoni, ziko daima kwenye fundo la khanga. Sikujua hata kama nimefukia. Mwanaume gani anapanda maboga?

Mama Dafrosa akamwuliza Gaspar hii ni mimea gani. Akajibu mahindi. Dafrosa kacheka mpaka kakaa chini. Mama yake akanigeukia, akasema kama mwoaji ni mimi niseme tu, tupatane mahari.

Mzee Kalisti katoa nafasi ya mwisho: kipande kingine, bondeni, kabla ya Noeli. Gaspar alime mwenyewe. La sivyo binti hatoki.

Ijumaa, 17 Desemba

Nimemfokea Gaspar mpaka sauti imekauka. Nyie mnataka wali, kutwanga hamtaki! Kasema kweli mama, akageukia ukutani, akalala. Nimemfunika, kuna baridi. Sijui nani anawaharibu vijana hawa.

Jumapili wakwe wote watakuwa misani, bondeni hapatakuwa na mtu. Bikira Maria atanielewa, naye ni mama wa mwana.

Jembe nimelinoa. Fundo la khanga nimelikung'uta, mbegu ya boga haimo hata moja. Safari hii sifanyi ujinga.

Badala yake nimefunga humo kunde.