Tangsteni ya Lodwar

Zadock Arasa hakuwa injinia, lakini alikuwa na helmeti. Hapa Migori helmeti nyeupe na buti zenye vumbi ni sawa na digrii mbili, na Zadock alivipata vyote kwenye mitumba ya Kosele, siku moja ya soko.

Kosele ndiko alikopanga chumba, kwa mzee Ogeto. Nyuma ya chumba kulikuwa na lundo la mawe yaliyotoka Ogeto alipochimba shimo la choo. Kila asubuhi Zadock alijikwaa hapo na kuyatukana mawe yale, mpaka siku aliposikia redioni kwamba huko kaskazini, mbali kupita Lodwar, watu wameanza kutafuta madini ya tangsteni, na kwamba jiwe lake likimulikwa kwa taa maalum hung'aa rangi ya samawati. Akasimama na mswaki mdomoni. Bwana wee! Mtu mwingine angemaliza kupiga mswaki aende kazini. Zadock alienda dukani kununua sabuni ya unga.

Aliwahi kuwatumikia wabadilishaji pesa wa mpakani Isebania kabla hawajamfukuza, na huko aliona jambo: ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, ukiielekeza kwenye shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, shati linawaka. Basi akaloweka mawe matano ya lundo lile kwenye maji ya sabuni siku mbili, akayaanika, akaingia nayo chini ya blanketi na taa yake. Yakawaka. "Tangsteni," akanong'ona, na nusura aamini.

Aliyemlenga alikuwa Mama Filister wa Suna, mjane mwenye krasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Krasha ilisimama kwenye ploti aliyoachiwa na marehemu mumewe, na wanawake kumi na mmoja walipata unga wa watoto wao hapo. Ploti ilikuwa kando ya lami. Tajiri mmoja mjini aliitamani, na Zadock alishamwambia aandae pesa.

"Mama," alianza Zadock, helmeti kwapani kwa heshima, "dhahabu ni mambo ya zamani. Ncha za drili zinazotoboa miamba siku hizi ni tangsteni."

"Na hiyo yako iko wapi?"

"Mbele ya Lodwar. Siku nzima kwa lori, halafu nusu siku kwa ngamia."

"Mmechimba?"

"Bado. Tuko hatua ya kwanza ya utafiti."

"Mmepima?"

"Kidogo."

"Kwa hivyo hamna kitu."

"Ndiyo maana bado ni rahisi, mama! Hatua ya pili wanakuja Wazungu na helikopta, hapo mimi na wewe hatukaribii. Nipe ploti hii, nikupe theluthi ya leseni."

Akafunga mlango na madirisha, akawasha taa. Mawe matano yakang'aa gizani. "Yawa!" wakasema wanawake waliokuwa wakichungulia, na mmoja akaomba aonyeshwe tena.

Filister alifungua dirisha, akachukua jiwe, akalilamba. Msishangae. Mchimbaji wa huku hukagua jiwe kwa ulimi, maana jiwe likilowa ndipo linaonyesha lilichobeba. Zadock alilelewa kwenye biashara ya kabichi, angejulia wapi? Filister akalilamba la pili, akaligeuzageuza kwenye mwanga kwa muda mrefu.

"Lina ladha," akasema.

"Ni madini hayo, mama."

"Haya. Lakini sisi hatununui shimo kabla ya kusaga mzigo. Niletee magunia ishirini kutoka huko Lodwar, tusage hapa mbele ya watu. Tukiona tangsteni, ploti ni yako. Na desturi unaijua, mchanga unaobaki baada ya kusaga ni wa mwenye krasha."

Zadock alikaribia kucheka. Unga wa mawe! Sabuni ya unga ingejichanganya humo na nani ajue? "Chukua mchanga, mama, chukua na vumbi!"

"Na kukitoka kitu kingine?"

"Kitu gani?"

"Mimi najua nini? Niliishia darasa la saba."

"Chochote ambacho si tangsteni ni chako!" akasema Zadock kwa ukarimu mkubwa. Akayaandika hayo kwenye karatasi, akaongeza kwamba mawe yote yanatoka Lodwar, akatia sahihi na kupiga muhuri. Shahidi alikuwa mzee Bogonko wa kanisa la Wasabato, mtu asiyedanganya hata akiulizwa kama chakula kilikuwa kitamu.

Kule Kosele, Ogeto alifurahi sana kusikia mpangaji wake anajitolea kuondoa lile lundo. Alimpa chai na mkate, akamwombea. Zadock aliuza kitanda, akauza na simu, akakodi lori. Kisha akajifungia siku tano, ndiyo safari ya Lodwar hiyo, akila mahindi ya kuchemsha sakafuni. Jumatatu akatokea Suna juu ya magunia ishirini, amejipaka vumbi mpaka kope.

"Pole na safari," Filister akamwambia. "Ngamia hawajambo?"

"Wanasalimia."

Krasha ikanguruma tangu asubuhi. Zadock alikaa karibu, paketi ya sabuni mfukoni, akingojea nafasi ya kunyunyiza. Lakini unga ulipotoka tu, wanawake waliuzoa wakaumimina kwenye makarai, wakatia maji na zebaki, wakaanza kuosha.

"Mama, mbona maji? Tangsteni haitaki maji!"

"Kila mzigo hapa hupita kwenye karai, Injinia. Tulia."

Alitulia kwa shida. Alipomulika taa yake, matope yalibaki matope. "Imelala," akaeleza. "Ikilowa hulala. Tuipe wiki moja." Hakuna aliyemsikiliza. Wanawake wote walikuwa wameinamia kitambaa ambacho Filister alikuwa akikikamua. Akakifungua. Ndani kulikuwa na donge kubwa kuliko punje ya njugu, na lilipopitishwa juu ya moto zebaki ikageuka mvuke, likabaki manjano.

Dhahabu! Jamani, moyo wa Zadock ulikaribia kutoka kupitia sikio. "Hiyo ni yangu!" akaruka. "Mawe ni yangu!"

"Mawe ya wapi?" Filister aliuliza taratibu.

"Ya..."

"Nilipolilamba jiwe lako nilionja sabuni. Nikajiuliza, kwani ngamia wa Lodwar wanafua nguo? La pili nikaona chembe za manjano, nikaona heri ninyamaze. Sasa nijibu mbele ya mzee Bogonko. Yakiwa ya Lodwar, karatasi yako inasema dhahabu ni yangu. Yakiwa ya kwingine, ni ya mwenye shamba, na wewe ulitaka kuninyang'anya ploti ya marehemu kwa sabuni. Hayo utawaeleza polisi."

Bogonko alivaa miwani. Wanawake kumi na mmoja walimtazama Zadock, na kadhaa walikuwa wameshika majembe. Zadock aliangalia dhahabu, akaangalia majembe, akaiangalia tena dhahabu. Machozi yalimlengalenga, nayo hayakuwa ya uongo.

"Lodwar," akasema.

"Sijasikia vizuri."

"Lodwar, mama! Mbele ya Lodwar!"

"Andika, mzee," Filister akamwambia Bogonko. Kisha akaikunja hati ya ploti aliyokuwa ameileta kwa ajili ya mapatano, akaifunga kwenye kanga kiunoni, akarudi kuwapangia wanawake wake kazi ya mchana.

Zadock alibaki amesimama. Lori lilishaondoka, na mfukoni hakuwa na nauli hata ya kufika Rongo. Akajongea polepole.

"Mama, samahani. Nauli tu ya Kosele."

"Nauli sina. Kibarua kipo. Kuna mchanga wa magunia ishirini unataka kuhamishwa kabla ya mvua, na malipo ni jioni."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Zadock alitazama wingu lililokuwa likija kutoka upande wa ziwa. Akavua koti, akakunja suruali, akauliza karai iko wapi.