Malalamiko Kuhusu Usalama wa Kucha Zangu Kabla ya Harusi

Igowole,
Agosti 1975.

Ndugu Balozi Joachim,

Kamwene. Najua wewe ni baba yangu mdogo na milango yetu inatazamana, lakini jambo hili ni zito, si la kusemea uani kuku wakisikiliza. Nimeona nikuandikie kama balozi wetu wa nyumba kumi.

Jumamosi ijayo nafunga ndoa na Ndugu Liberatus. Dada yake, Wifi Kalista, ambaye ni mpiga chapa ofisini huko Mbeya, alipokuja kuniona alinishika mikono, akaigeuzageuza, akasema mbele ya watu: "Wifi, mikono hii tutaiweka wapi siku ya picha?" Baba Mdogo, niliumia. Mikono hiyo ndiyo iliyolima mahindi ya ugali aliokuwa akiula palepale.

Basi nikapanda basi hadi Iringa, nikanunua rangi nyekundu ya kucha pale Mlandege. Muuzaji alinionya kwamba ikishakauka haipendi maji, moto, baridi wala kugongwa, itapasuka. Nimeipaka mara mbili. Nataka ifike kanisani bila ufa, Kalista aione kwa macho yake. Ila wananchi wako wananihujumu, kama ifuatavyo:

1. Shamba la kijiji. Jumatatu tunatakiwa vinyunguni, kule bondeni, kulima maharage. Siasa ni kilimo, sipingi, na nitafika. Nitasimama ukingoni niwaimbie. Jembe langu nimemwazima jirani yetu Matilda ili taifa lisipate hasara.

2. Salamu. Huku kwetu mtu akikusalimu hakuachii mkono mpaka amalize kuuliza habari za ng'ombe. Juzi Mzee Saulo alinibana hivyo, tukawapitia wazima wote, tukaanza na marehemu. Kidole cha shahada kiliponea chupuchupu. Naomba utangaze kwamba mpaka Jumamosi nisalimiwe kwa mbali.

3. Mahindi. Mama ananitaka nipukuchue. Ni mama yangu, lakini pia ni mkazi wa nyumba kumi zako, na mpaka leo hajapewa onyo lolote.

4. Ugali. Nakula kwa kijiko. Baba anasema huo ni ukoloni mamboleo, tena ameuliza kama nitahitaji na uma. Mweleweshe, maana mimi hanisikilizi.

5. Vifungo. Mdogo wangu ndiye anayenifunga vifungo na kunikuna kichwa. Sasa ameanza kudai cheo.

6. Baridi. Baridi ya Mufindi inapasua visigino vya wanaume wazima, sembuse rangi. Kuota moto nako nimekatazwa. Sijui ni ofisi gani inayohusika na baridi, ila naomba uipelekee nakala ya barua hii.

Kama yote hayo yanashindikana, basi harusi iletwe kesho asubuhi. Matangazo mawili yameshasomwa kanisani. La tatu Padri anaweza kulisoma tukiwa njiani.

Msalimie Mama Mdogo, watoto, na wote wa nyumba kumi, bila kuwashika mikono.

Ni mimi, mwenzenu katika kujenga taifa, ingawa wiki hii nimekaa,

Rozalia Kalinga

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, gauni limefika na basi la Mbeya. Wifi Kalista ameweka na glovu nyeupe za kufika viwikoni, pamoja na kikaratasi kisemacho: "Tumepata pa kuiweka." Nimezijaribu. Zilibana, nikavuta, zikabana, nikavuta tena, na rangi yote ikapasuka kidole kwa kidole. Nikakaa chini nikalia. Mama alipokuja kutazama, nikashindwa kujizuia, tukacheka wote wawili.

Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu nayafuta. Glovu nimempa Mama, zinafaa sana kuepulia sufuria. Mwambie Matilda anirudishie jembe langu leo hii. Na Wifi Kalista akitangulia kufika kabla ya Jumamosi, akauliza mikono yangu iko wapi, umwelekeze vinyunguni.