Baba Mkwe na Mkamwana Katika Foleni Moja ya Printa

Tupokigwe Andrea,
Kidato cha Tatu,
Mpuguso, Rungwe.
12 Machi, 2003

Ndugu Root,
Mwenye Mamlaka ya Foleni,
Ndani ya Kompyuta.

K.K. Kaka Sadick,
Msimamizi wa Kituo cha Kompyuta,
Bagamoyo, Tukuyu.

YAH: OMBI LA KUMTENGANISHA BABA MKWE NA MKAMWANA WAKE KATIKA PRINTA

Ndugu Root,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko ndani. Sisi huku nje tu wazima, ila tumelowa.

Hunifahamu. Mimi nimelifahamu jina lako leo asubuhi, nilipomwomba kaka Sadick asogeze kazi moja ya kuchapa iende mbele ya nyingine. Alinijibu kwamba yeye hana uwezo huo, kwa kuwa nywila ya Root, yaani mkuu wa mashine, anayo tajiri wake aliyeko Mbeya, na foleni ni ya Root. Nikamuuliza unaishi wapi. Akasema uko katika kila mashine. Nikaelewa kwamba wewe ni mtu mwenye shughuli nyingi, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukufuata.

Jambo lenyewe ni hili. Mama yangu anaomba nafasi ya kusomea ukunga. Barua yake inatakiwa iondoke leo saa tisa na Muuguzi Doreen, anayekwenda Mbeya, na kesho ndiyo mwisho wa kupokea maombi. Mama amelitaka jambo hili tangu kabla sijazaliwa. Babu Asajile, baba yake baba, hajaambiwa. Kwa kawaida maneno ya Mama humfikia Babu kupitia kwa baba, lakini baba yuko Chunya, na Mama anaogopa kwamba Babu akisikia atauliza nani atabaki na nyumba. Tulikubaliana barua iende kwanza, maneno yafuate.

Tumefika hapa kituoni na kumkuta Babu ameketi kwenye benchi. Naye amekuja kuchapisha barua, kurasa nyingi, kwa bwana mifugo, kuhusu dume la ng'ombe.

Labda huko ndani desturi zetu hazijafika. Kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Hamtazami usoni wala halitamki jina lake. Siyo ugomvi, ni heshima. Kwa hiyo Mama alipomwona Babu aligeuka mlangoni, na sasa amesimama nje upande wa mbele, nyuma ya ukuta, amejifunika jani la mgomba. Mimi ndiye ninayeingia na kutoka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kaka Sadick amenifundisha kuandika lpq kwenye kibodi ili mashine ioneshe nani anatangulia. Nikaandika. Babu ni wa kwanza, Mama ni wa pili. Majina yao yamelala mstari chini ya mstari kwenye skrini, hata mbuzi hapiti katikati. Tangu Mama aolewe hawajawahi kukaribiana kiasi hicho.

2. Nilitoka kumweleza Mama hali ya foleni. Akauliza nani yuko mbele yake. Nikamtajia. Akaziba masikio. Nikamwambia, "Mama, ni yule ambaye wewe humtaji." Akasema basi yeye hayupo kwenye foleni hiyo, nimtoe. Nikamkumbusha saa tisa. Akasema nisimtoe. Ndugu Root, hayo ni mateso ambayo lpq haiyaoneshi.

3. Printa imekwama katikati ya dume la Babu. Inasema imesimama, haisemi kwa nini. Nimeandika lpq mara nyingi mpaka kaka Sadick akaniambia, "Wewe Tupo, utaichunguza hiyo foleni mpaka ione haya." Kwenye mashine ya kusaga pale kwetu, mtu akiwa na mgonjwa nyumbani anasema, na waliotangulia wanampisha debe lake. Nimeielezea printa hali ya Mama kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Haina sikio.

4. Hili ndilo zito. Karatasi zote huangukia trei moja. Yaani karatasi ya Mama, ingali ya moto, italala juu ya karatasi ya baba mkwe wake mbele ya wateja. Nimemuuliza bibi Ambindwile, anayeuza maparachichi hapo nje, jambo hilo linatengenezwaje kimila. Alifikiri sana, kisha akasema wazee wa zamani hawakuacha neno lolote kuhusu trei.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, ziwepo printa mbili, moja ya baba wakwe na moja ya wakamwana, na katikati pasimamishwe mgomba. Kama wakamwana wataendelea kuisikia ile ya wakwe ikiunguruma, basi moja ihamishiwe Kiwira. Hata hivyo nimegundua kwamba umeme utakuwa uleule, utamgusa Babu kisha umguse Mama, kwa hiyo zijengwe njia mbili za umeme. Mwisho, naomba uje Rungwe mwenyewe uandikishe ndoa zote, kijiji kwa kijiji, ili mtu akiandika lpq aoneshwe pia nani amemwoa mtoto wa nani. Tunaambiwa siku hizi ni soko huria na mteja ana haki ya kuchagua. Mama anachagua kutokuwa nyuma ya mtu ambaye hawezi kumwambia apishe.

Wasalimie wote unaofanya nao kazi humo ndani, na wasimamizi wa foleni nyingine, hasa wenye wakwe.

Ni mimi ninayesubiri jibu lako kabla ya saa tisa,

Tupokigwe Andrea

N.B. Naongeza maneno haya kwa kalamu. Nilipomaliza kuandika na kuiingiza barua kwenye foleni, kaka Sadick alifungua printa na kutoa karatasi iliyojikunja. Zote zikatoka mfululizo, ya Babu, ya Mama na hii yangu. Babu haoni vizuri. Alizichukua zote akidhani ni zake, na juu kabisa baada ya yangu ilikuwa ya Mama. Yangu aliiweka kando. Ya Mama aliisoma taratibu, midomo ikicheza, mpaka mwisho. Kisha akaniita.

"Mwambie mama yako aende," alisema. "Mimi kupika ndizi najua."

Akaiacha barua ya Mama kwenye benchi, akatoka kwa mlango wa nyuma ili Mama apate kuingia.

Kama kungekuwa na printa mbili, asingeisoma. Kwa hiyo tafadhali usibadilishe chochote, na umeme uache ulivyo. Nilitaka kuitoa barua hii kwenye foleni, lakini kaka Sadick anasema iliyokwisha kuchapwa haitoki tena, na ameahidi kuifikisha kwako. Ukiipata, usisome huko juu. Anzia hapa.