Ukuta wa Kupokelea Wakwe

Jumatatu, 10 Agosti
Wakwe wa Naomie wanafika Jumamosi toka Kabambare, kuposa. Binti yangu wa kwanza! Na ukuta wa salon, pale tunapokaribisha wageni, ni nyufa tupu. Wataona, watakunja uso, watamuacha mtoto wangu. Jirani Mado amepita, akauliza: "Mama Naomie, hii ni salon ao ni stoo ya mihogo?" Nyoka! Nimepata mfuko wa plasta, ule unga mweupe wa ukuta. Fundi Bisimwa ameomba aipake yeye. Nimekataa. Unga ni unga. Bugali nimesonga tangu utotoni.

Jumanne, 11
Nimechemsha maji, kama ya bugali. Nimemwaga plasta, nimesonga. Ikawa jiwe kabla sijageuka! Mwiko umesimama wima ndani ya sufuria, hautoki. Baba Naomie ameuliza kama leo tunakula ao tunajenga.

Jumatano, 12
Bisimwa amecheka mpaka akakaa chini. Maji baridi, amesema, na sukari chembe tu, ili plasta isikauke haraka. Chembe! Uchoyo gani huo? Nimetia bakuli zima. Laini kama siagi! Nimepaka ukuta wote taratibu, nikiimba kwa nguvu ili Mado asikie.

Alhamisi, 13
Haijakauka. Inateremka polepole kama uji. Sisimizi wamekuja ukoo mzima, wametangulia wakwe. Nimelia kidogo. Naomie amenikumbatia: "Mama, wanaoa miye, hawaoi ukuta." Mtoto hajui dunia.

Ijumaa, 14
Kumbe chumvi inaharakisha! Bisimwa amesema nikwangue kwanza ile ya sukari. Muda uko wapi? Nimetia chumvi kwa mikono miwili, nimebandika juu yake. Imekauka palepale, na alama za vidole vyangu. Nitasema ni maua.

Jumamosi, 15
Wamefika. Baba mkwe ameegemea ukuta. Plasta yote ikamwangukia! Kuku, wali, kofia yake: vyote vyeupe. Mado mlangoni, anauma kitenge asicheke. Naomie akapiga magoti, akampangusa mzee huku machozi yanamtoka. Mzee akakohoa vumbi, akasema huyu ndiye mkwe anayemtaka. Mungu asifiwe! Ila anataka harusi ifanyike kwao Kabambare, chini ya hema, mahali pasipo ukuta.

Maskini, hawana hata ukuta wa kuonyesha. Nimekwisha kukodi pikipiki na kununua mfuko mwingine wa plasta. Sukari ndiyo iliniharibia. Safari hii natia asali.