Sahani ya Bora Kabwe na Mikro ya Uhuru

Jumatatu, 11 Juni 1962

Sahani mpya ya santuri imefika dukani kwa Mzee Zahor. Kubwa! Karibu mara mbili ya zile ndogo tulizozizoea. Nyimbo kumi, tano kila upande. Mwimbaji ni Bora Kabwe wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Hakuna hapa aliyewahi kumwona.

Nilikuwa nanyoa mteja, nikachelewa. Nilipofika barazani wimbo wa mwisho ulikuwa umekwisha. Vijana wanaruka, wanadai sahani irudiwe. Wanasema huyu haimbi, anasema tu, tena kwa kasi ambayo haijapata kusikika Rumonge. Alimasi, fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja, akatamka mbele ya watu kwamba huo si muziki, ni mtu ananadi dagaa. Hapo hapo nikasema ni sanaa kubwa. Miaka kumi na mmoja sijakubaliana na Alimasi kwa jambo lolote. Sioni sababu ya kuanza leo.

Nyumbani mke wangu Kulthumu aliniuliza wimbo gani ulinipendeza zaidi. Nikasema yote.

Jumanne, 12 Juni

Leo nimeisikia. Loo! Gitaa linakimbia, ngoma inakimbia, na kijana yuko mbele yao wote. Sauti nyembamba. Nilishika maneno mawili tu, "mama" na "mvua". Bahati nzuri ni sanaa kweli.

Lakini habari ya siku ni nyingine. Komite ya sherehe ya uhuru imekaa. Tarehe moja Julai bendera ya Wabelgiji itashuka na yetu itapanda, na kutoka Usumbura italetwa mikro, kile chombo cha kusemea, na spika mbili. Anatafutwa mtu mmoja wa kuishika siku nzima, atangaze wageni, ngoma na mashindano ya mitumbwi. Mtu mmoja! Sauti moja Rumonge nzima! Mimi kinyozi. Miaka yote nazungumza na visogo vya watu. Naitaka hiyo mikro kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu nimwoe Kulthumu. (Asisome hapa.)

Waliojitokeza ni wawili: mimi na Alimasi. Mzee Zahor ndiye mwenyekiti wa komite. Kaamua kwamba Jumamosi baada ya Alasiri tubishane barazani kwake: sahani ya Bora Kabwe ni sanaa au kelele, ipigwe siku ya uhuru au isipigwe. Atakayesema vizuri apewe mikro.

Jumatano, 13 Juni

Nilikwenda na daftari dukani kuandika maneno ya nyimbo. Haiwezekani. Nikishika neno moja yeye kashapita sita. Mzee Zahor alirudisha sindano mara nne, ya tano akaniuliza kama nina nia ya kununua kitu. Nikanunua kiberiti.

Nimeamua kutunga maneno mwenyewe. Wimbo wa nne, ule wa mama na mvua, nimeandika kwamba kijana anataka kuoa wakati wa masika na mama yake anamkataza. Maneno mazuri sana. Sidhani kama Bora mwenyewe angefika hapo.

Jioni Alimasi alipita kwangu akajigamba kwamba babake alipiga tarumbeta Kigoma, kwa hiyo muziki uko katika damu yake. Sikufikiri. Nikamjibu kwamba Bora Kabwe ni mtoto wa shangazi yangu.

Watu wanne walikuwa wamekaa wakingoja kunyolewa. Wote walisikia.

Alhamisi, 14 Juni

Mji mzima unajua. Nimesalimiwa na watu ambao hawajanisalimia tangu mwaka juzi. Wanauliza huyo ndugu yangu yukoje. Nimesema ana miaka kumi na tisa, mwembamba, hali ugali, kwa sababu ugali unapunguza mwendo wa ulimi. Kulthumu anamjua shangazi yangu wa pekee. Hakuzaa. Amenitazama tu, akaendelea kuchambua maharagwe.

Mpango wa pili. Wiki hii ni ya mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, wamekaa tu. Nimewanyoa kumi na wawili bure, pamoja na mkubwa wao Feruzi. Sharti ni moja. Jumamosi wakae mbele, na mkono ukinyanyuliwa juu, wapige makofi kwa nguvu zote.

Kazi kama imekwisha. Akili ni mali.

Jumamosi, 16 Juni

Sikusema mkono wa nani.

Alimasi ni fundi cherehani. Hawezi kusema bila mikono. Alisema wimbo lazima umpe msikilizaji nafasi ya kuvuta pumzi; akanyanyua mkono; wavuvi kumi na wawili, makofi! Alisema muziki usioweza kuchezwa na bibi harusi una faida gani, makofi! Alisema watoto wa madrasa sasa wanasoma kama wanafukuzwa na nyuki, na mwalimu ameshalia kwake. Makofi na vigelegele kutoka upande wa wanawake. Nilimkonyeza Feruzi. Naye akanikonyeza, amefurahi kwamba kazi inakwenda vizuri.

Mimi nilisimama na mikono mfukoni kwa hasira. Hakuna kofi hata moja. Hata hivyo nilisema vizuri. Nilisema dunia imebadilika, baada ya wiki mbili tunajitawala, nani atangojea muziki wa polepole? Nilisema kasi yenyewe ndiyo sanaa. Nikasoma maneno ya wimbo wa nne. Wazee waliguswa.

Halafu Kulthumu akaomba kusema! Mke wangu! Alisema yeye haoni kama ni sanaa au si sanaa, ila wimbo wa nne umemfanya ahuzunike na hajui kwa nini, ni kama mtu anayekusimulia msiba huku anakimbia. Alisema angependa mtu huyo asimame kidogo. Nikaona aibu, hakuwa upande wangu wala wa Alimasi.

Mzee Zahor alifikiri muda wote wa kikombe kimoja cha kahawa. Akaamua hivi. Alimasi kapata makofi mengi zaidi, lakini Asmani, yaani mimi, ana ndugu. Mikro ni yangu, kwa sharti kwamba siku ya uhuru nimlete Bora Kabwe mwenyewe aimbe uwanjani. Nisipomleta, mikro ni ya Alimasi.

Nikasema hakuna taabu. Ulimi huu!

Jumanne, 19 Juni

Nimeandika barua kwa Bora Kabwe, Uvira. Nimempa nahodha wa boti la mizigo. Nimemwita "ndugu mpendwa" bila kueleza zaidi. Nimemwahidi uwanja mzima wa watu, spika mbili kutoka Usumbura, na debe la mawese safi ya Kigwena. Sina mawese. Shemeji yangu anayo.

Jumatatu, 25 Juni

Anakuja! Karatasi ndogo, maandishi makubwa ya polepole. Anasema hamjui Asmani yeyote, lakini mawese ya Kigwena anayajua. Atafika Ijumaa.

Nimempitishia Alimasi ile karatasi dirishani, kidole changu juu ya maneno "hamjui Asmani yeyote". Kashindwa hata kutia uzi kwenye sindano.

Ijumaa, 29 Juni

Balaa.

Baada ya sala ya Ijumaa nusu ya mji ilikuwa ufukweni. Boti likafika. Akashuka mzee mmoja mnene, ndevu nyeupe, gitaa mgongoni, anatembea kama mtu aliyekwisha kula. Nikamsaidia mzigo, nikamwuliza kijana yuko wapi. Akaniuliza kijana gani. Sauti yake nzito, ilitoka chini kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Nikamwuliza tena kwa upole, Bora yuko wapi. Akajigonga kifua.

Nikamkimbiza dukani kwa Mzee Zahor kabla watu hawajauliza maswali. Kosa. Sahani ilikuwa inapigwa. Mgeni akasimama mlangoni, akainamisha kichwa, akasikiliza. Akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Huyu mutoto anayeimba nyimbo zangu ni nani?"

 Akaizunguka gramafoni, akaitazama kwa chini, akaomba kiberiti. Alichomeka njiti ya kiberiti mahali palipokatika kijiti cha kubadilishia mwendo, akasukuma. Tik! Mzee Zahor aliinunua gramafoni hiyo kuukuu kwa Mgiriki mmoja, kijiti kikiwa kimekatikia kwenye namba ya sahani ndogo. Sahani kubwa zina mwendo wake, wa polepole. Hakuna aliyetuambia.

Sahani ikazunguka taratibu. Ikatoka sauti ya huyu mzee. Gitaa lilitembea, halikukimbia tena. Maneno yote yalisikika, moja moja. Alimasi akakaa chini kwenye gunia la chumvi. Akasema huo sasa ni muziki, Wallahi, ni muziki, na akamwomba mzee msamaha kwa habari ya kunadi dagaa. Vijana wakazomea, wakadai yule mwingine, yule wa kweli.

Wote wakanigeukia. Ningeweza kukubali tu. Ilikuwa rahisi. Lakini mtu akishasema mbele ya mji mzima kwamba kasi ndiyo sanaa, atarudi vipi? Nikamwambia Bora Kabwe, kwa heshima zote, kwamba ameielewa vibaya sahani yake.

Alinitazama sana. Akauliza mawese yako wapi.

Jumapili, 1 Julai

Uhuru. Tangu alfajiri watu wanashuka kutoka milimani, wengine wametoka Gitaza kwa miguu. Bendera ya zamani imeshuka, mpya ikapanda, na mimi, Asmani kinyozi, nimetangaza! Nilisema "Amahoro!", amani kwa Kirundi, na neno likaenda mpaka ziwani likarudi. Wazee walilia.  Saa nzima nilikuwa na furaha isiyo na doa.

Ikafika zamu ya Bora Kabwe. Akapanda jukwaani polepole na gitaa lake. Vijana mbele wakaanza kupiga miluzi. Wanamtaka mwembamba wa miaka kumi na tisa, niliyewaahidi mimi. Nikaona sherehe inaharibika mikononi mwangu, na uhuru wenyewe una saa moja tu. Nikashika mikro, nikatangaza kwamba Bora amepatwa na homa ghafla na huyu ni babake.

Alikuwa hatua mbili nyuma yangu.

Hakukasirika. Aliichukua mikro kama unavyomnyang'anya mtoto wembe. Akasema: "Amahoro, bandugu. Miye ndiye Bora. Kama iko baba yangu hapa, mumuambie naye aje kuimba."

Uwanja mzima ulicheka. Akaimba wimbo wa nne. Si habari ya ndoa hata kidogo. Mama ameanika dagaa mchangani, mvua inakuja kutoka upande wa Kongo, anawaita watoto wake waje kuanua. Anawaita kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja anaitika. Jina la mwisho haliitikiwi. Mama analiita tena. Kisha anaanua mwenyewe fungu la huyo asiyeitika.

Hakuna aliyepiga mluzi. Mamangu aliuza dagaa Gitaza na alizika watoto wawili. Nililia, nasema kweli humu ndani. Kwa Alimasi nimesema ni vumbi. Kulthumu alikuwa amesimama upande wa wanawake, akanitafuta kwa macho, na alipoona nalia akaangalia pembeni ili nisione haya.

Wimbo ulipokwisha nilinyoosha mkono nipokee mikro. Mzee Zahor aliipitisha juu ya mkono wangu akampa Alimasi. Alimasi alitangaza ngoma, wageni na mitumbwi mpaka jioni. Alitangaza vizuri. Imeniuma.

Jumanne, 3 Julai

Bora Kabwe ameondoka na debe la mawese. Shemeji bado hajui. Kwenye boti mzee alinishika mkono, akaniita "mutoto wa mujomba", akacheka mpaka nahodha akamwomba akae, boti linayumba. Akaniuliza kwa siri kama bado naona sahani ni nzuri zaidi ikikimbia. Nikasema nalifikiria. Njiti ya kiberiti bado iko kwenye gramafoni, vijana wanaichomoa, Mzee Zahor anairudisha.

Kulthumu alinishauri niende kwa Alimasi nimpe pongezi. Nikaenda. Chai, mandazi, nilikaa kwenye kiti chake cha wateja. Akaniambia mikro inabaki Rumonge mpaka wiki ijayo, Jumapili timu yetu ya mpira inacheza na Kabezi, na yeye ana harusi Kigwena. Amemwomba Mzee Zahor nitangaze mimi. Mzee amekubali kwa sharti moja, niseme tu ninachokiona kwa macho yangu. Niliapa. Nilimshukuru Alimasi kutoka moyoni, mara mbili, na nilipomwambia Kulthumu alifurahi akanipikia samaki aina ya kuhe. Kweli mtu hujifunza.

Baada ya Alasiri watu walijaa kwangu kuuliza kuhusu Kabezi, kwamba tutawaweza au la. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, kipa wao nimemlea mimi, ndiye niliyemfundisha kudaka, kwa ndimu, na Jumapili kabla ya mchezo atakuja kunisalimia mbele ya wote.

Kesho alfajiri napanda lori la dagaa mpaka Kabezi, nikaulize anaitwa nani.