Pingamizi la Posa ya Kijana Anayefuta Ndege Kila Januari

Ndugu Mzee Mwenzangu, Baba Mdogo wa Kijana,

Pokea salamu zangu za heshima. Hapa nyumbani wote ni wazima isipokuwa mimi, ambaye tangu Jumapili ile mlipoleta posa sijala nikashiba. Nakumbuka uliketi kwenye kochi letu, ukaeleza kwa upole kwamba kijana wenu, fundi wa lifti, hanywi, hagombani na mtu, na kasoro yake ni moja tu, tena ndogo: anapenda kuandika ndege anaowaona. Nilicheka kwa adabu. Sasa nimefanya uchunguzi, na kicheko kile naomba unirudishie.

Kama ujuavyo, mimi ni mtunza stoo wa hospitali. Kila kilichomo mle, kuanzia pamba hadi magurudumu ya vitanda, kina kadi yake, na kila kadi ina sahihi yangu. Kwa hiyo siandiki kama baba mwenye hasira, ingawa hasira ninazo, bali kama mtaalamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimwomba kijana anieleze utaratibu wa hiyo orodha, naye akanieleza bila haya. Tarehe mosi Januari anafungua ukurasa mtupu. Kila aina ya ndege anayemwona anamwandika mara moja. Mwisho wa mwaka anajumlisha. Mwaka jana alifikisha mia mbili thelathini na mmoja, akanitazama kana kwamba nitainuka nimpigie makofi. Nikamwuliza swali ambalo hata kibarua wangu wa siku ya kwanza angelijibu: salio la mwaka jana umelipeleka wapi? Akasema hakuna salio. Mwaka ukiisha yote yanafutwa, anaanza na sifuri. Mzee mwenzangu, mimi nikianza mwaka na sifuri wakati Desemba nilikuwa na mashuka mia mbili thelathini na moja, hakuna atakayeniita mpenda mashuka. Nitaitwa polisi.

2. Mali yenyewe haipo. Katika ndege wote hao kijana hana hata unyoya. Wako juu ya mabati ya watu na kwenye nyaya za umeme, wanaruka wakitaka. Wahenga walisema kenda shika si kumi nenda uje. Huyu wenu ana mia mbili na ushei nenda uje, na shika hana hata moja. Tena akasema, kama jambo la kawaida, kwamba ndege aliyemsikia tu kichakani naye anaandikwa. Nikauliza mkaguzi ni nani. Hakuna. Aliyeona ni yeye, aliyeandika ni yeye, aliyejumlisha ni yeye. Kazini kwetu mtu akishika kazi hizo tatu peke yake, tunaanza kumchunguza kajengaje nyumba.

3. Siku ileile ya posa, nilikuwa naeleza ukoo wetu, nimefika kwa babu yangu, kijana akainuka, akasema samahani baba, akatoka mbio na darubini. Ulikuwepo. Sote tulimfuata tukidhani jiko linaungua. Tukamkuta kati ya nguo zilizoanikwa, ameielekeza darubini kwenye tangi la maji la jirani. Nyuma ya tangi lile kuna dirisha, na dirishani alikuwepo jirani mwenyewe, mama mwenye heshima zake, ambaye mpaka leo hajibu salamu yangu. Na huyo ndege? Kidude cha rangi ya vumbi. Babu yangu aliachwa njiani, na hakuna aliyekumbuka kuniuliza aliishia wapi.

4. Wachumba wa watu hupelekwa mahali penye viti na kivuli. Kijana wenu alimpeleka binti yangu kwenye mabwawa ya majitaka. Hujakosea kusoma. Eti ndipo ndege wanapopapenda. Nzi nao wanapapenda, wala hatujawahi kupokea posa yao. Binti yangu, ambaye ni wa maabara na hagusi hata kitasa cha mlango bila kunawa, alirudi na matope mpaka magotini, anatabasamu. Nikamwuliza ameona nini cha maana. Akasema korongo. Nikamwuliza kama korongo ndiye anayemfanya atabasamu hivyo. Akaenda kuosha viatu.

5. Sasa nifike penye kidonda. Nilimwuliza kijana: ukishamwandika shomoro Januari, unamtafuta tena Februari? Akacheka, akasema akishaandikwa ameandikwa. Mzee mwenzangu, mimi sikucheka. Je, mke naye akishaandikwa? Na ikifika Desemba usiku wa mwisho, naye anafutwa pamoja na yangeyange na kunguru? Tunaambiwa usiache mbachao kwa msala upitao. Wenu anaacha mbachao kila mwaka, tena kwa ratiba. Nina hofu, na sioni aibu kuliandika neno hilo. Huyu ni mtoto wangu wa pekee. Sikumlea aje kuwa ndege wa mwaka jana.

Kwa sababu hizo posa naikataa, isipokuwa ukoo wenu ukubali kwa maandishi sharti moja. Kila tarehe mosi Januari, kabla kijana hajachungulia dirishani, aandike jina la mke wake juu kabisa ya ukurasa, kama salio lililoletwa kutoka mwaka uliopita. Wewe utasaini kama shahidi, na nakala iletwe stoo kwangu asubuhi hiyohiyo, sikukuu au si sikukuu. Siku nitakayokuta jina halipo, nitakuja na gari kumchukua binti yangu, pamoja na sufuria zake zote kwa hesabu niliyokabidhi.

Nisalimie mke wako, ambaye alikula kwa staha kuliko wanaume wote mliokuja. Nisalimie bibi wa kijana, na mwambie mguu apake ile dawa. Wasalimu mashemeji, watoto, na yule mpwa wako aliyevunja kikombe, tumeshasahau. Kijana mwenyewe msalimie kwa kiasi.

Ni mimi, mwenye binti na mwenye funguo za stoo,

Baba wa Binti

N.B. Njooni Jumapili, saa ileile. Sharti la salio nimeliondoa. Binti aliikuta barua hii mezani akaisoma yote akiwa amesimama. Hakukasirika. Aliniambia kwamba kila tarehe mosi Januari kijana huamka alfajiri kwenda kumtafuta shomoro, shomoro huyuhuyu wa mabatini ambaye sisi hatumwoni tena, na akimpata hufurahi kana kwamba hajapata kumwona maishani. Akasema mume wa namna hiyo ndiye anayemtaka, kwa sababu yeye amekulia katika nyumba hii ambayo kila kitu kinaletwa kutoka mwaka jana na hakuna anayekwenda rafuni kutazama. Maneno hayo yaliniuma. Nikageuka nimwite mama yake anitolee ushahidi kwamba yeye, mke wangu, humtazama kila siku. Alikuwa ameketi palepale, amevaa miwani, anashona kifungo cha shati langu. Nikamwuliza miwani hiyo ameinunua lini. Amesema huu ni mwaka wa tatu.